Sare ya Miavuli

Mbugangari, Gisenyi
Jumanne, 14 Oktoba 2025

Dada Mwamini, Ingabire anaolewa! Na sare ya harusi ni kitenge cha msaada! Ndiyo, umesoma sawasawa, usivue miwani kuifuta. Ni kile cha buluu chenye miavuli ya njano, ambacho shirika liliwagawia wanawake waliokimbia kutoka Goma. Kipande chako kiko ndani ya mfuko huu, yadi sita kamili. Nakuomba usimpe mtu wala usikikate matambara kabla ya kumaliza kusoma.

Bon, sasa nishushe pumzi nikusalimie kama mtu aliyelelewa vizuri. Assalaam alaykum, na shikamoo dada yangu. Magoti yanasemaje? Ile sukari imeshuka, au bado unaongeza kijiko cha tatu shemeji akigeuka? Mpe shemeji salamu zangu, mwambie nimesikia amepaka nyumba rangi mpya na mimi nitakuja kuikagua. Sisi hapa tu wazima, alhamdulillahi. Baba Ingabire naye mzima, ila hupatwa na kikohozi kila anapoulizwa jambo la kuamua.

Najua unajiuliza kwa nini nimeandika kwenye karatasi wakati simu iko. Dada, ujumbe wa sauti ukikufikia Ujiji, unausikiliza wewe, wajukuu, jirani wa kushoto na muuza mkaa. Humu ndani yamo mambo ya masikio yako peke yako. Kwa hiyo nimempa Gentil, dereva wa lori anayeleta mizigo Kigoma, akukabidhi mkononi. Nimemtisha kidogo. Atakukabidhi.

Kwanza nimsifu mwanangu. Watu wanamsifu, lakini hawajui kumsifu vizuri, inabidi niwasaidie. Mimi niliishia darasa la sita, wewe unajua. Yeye ana cheti cha ushonaji nimekitia fremu, nimekitundika juu ya televisheni, mgeni akikaa hawezi kukikwepa. Tangu mwezi wa tatu ndiye mkubwa wa karakana ya wanawake iliyofunguliwa hapa mtaani, kwenye barabara ile ya kituo cha afya. Cherehani kumi na wanawake ishirini na sita, wote wanamwita Maîtresse, yaani mwalimu, na ana miaka ishirini na nne tu! Siku moja walikuja wageni wa shirika kwa magari meupe, akawaeleza kazi kwa Kifaransa, akageuka akawaeleza wengine kwa Kiingereza, hakusita hata mara moja. Nilikuwa nimesimama dirishani nimeleta chai ambayo hakuna aliyeiagiza. Mchumba naye si haba. Ni Twahir, fundi wa pikipiki, mtoto wa watu wa hapa hapa Mbugangari, mikono myeusi kwa grisi lakini hukosi kumwona msikitini Ijumaa.

Wale wanawake ishirini na sita ndio nataka uwajue. Wengi waliovuka mwezi wa kwanza, siku zile mizinga ilipotingisha mpaka madirisha yetu, wamesharudi kwao. Hawa ndio waliobaki. Mmoja nyumba yake imeungua, mwingine mume hajulikani aliko, mwingine hataki kupita tena pale yalipomkuta yaliyomkuta. Mambo ambayo vita huwafanyia wanawake unayajua dada, sitayaandika. Karakana inawapa kazi ya kushona sare za shule, inawapa mama mmoja mwenye moyo mpole wa kukaa nao na kuwasikiliza, na kila Jumatano wanaohitaji dawa wanakwenda kituo cha afya kwa pamoja.

Sasa kitenge. Shirika lilitaka kutenda wema, nalo lilitenda: kila mwanamke alipewa sabuni, ndoo, vitu vya siku zake, na kitenge kipya. Lakini aliyenunua alikwenda kwa Juvénal, yule mfanyabiashara wa vitambaa, akachukua majora ya aina moja tu. Donc wote wakapata miavuli ya njano. Mwanamume akienda kununua nguo za wanawake mia tatu, huo ndio utakaokuwa mwisho wake. Baada ya wiki moja, mwenye macho aliweza kukaa barazani akasema yule wa msaada, yule wa msaada, na yule kule anayeteremka ni wa msaada.

Na barazani mimi nimekaa, kama unavyojua. Tuko mafundi sita na cherehani zetu, na njia ya kwenda karakana na kituo cha afya inapita mbele ya miguu yetu. Asubuhi moja walipita kumi hivi kwa mstari, na mmoja wetu akasema: kumbe mvua imenyesha kwao, miavuli imekuja kufunguliwa kwetu. Tulicheka, dada. Tulicheka mpaka Protais, yule fundi wa suti asiyecheka, akadondosha pini mdomoni. Neno likashuka sokoni siku hiyo hiyo. Kesho yake wauza nyanya wanasema Miavuli. Mwisho wa wiki wamotari juu ya pikipiki zao za abiria wanapiga honi na kuita, Miavuli, leo kuna jua, funga! Hata kule mpakani, Petite Barrière, wabeba mizigo wakalijua. Mwanamke akiomba apunguziwe bei ya viazi, anaambiwa akaombe kwa wenye miavuli wenzake.

Kati yao kuna mmoja anaitwa Kavira. Mrefu, mweusi wa kung'aa, mtu wa maneno machache, na mkono wake kwenye kitambaa ni mkono wa mtu aliyezaliwa ameshika mkasi. Alikuwa na duka lake la ushonaji kule Goma. Ingabire alikuwa anampigia mahesabu ya kumfanya msaidizi wake. Ghafla Kavira akaacha kuja. Jumatano ya kwanza hakuonekana kazini wala kwenye dawa, ya pili hakuonekana, ya tatu Ingabire akamfuata mpaka chumba alichopangiwa.

Alimkuta amekaa kitandani, mzima, amevaa shuka. Ingabire alipomuuliza kwa nini hatoki, alimwonyesha msumarini. Alikuwa na nguo mbili tu. Moja ni gauni alilovuka nalo mpaka, na hilo ameliweka kwa sababu hajui alitupe wapi, lakini hatalivaa tena maisha yake. Nyingine ni ya miavuli. Akasema yeye si mtoto, matusi ameyasikia makubwa kuliko hayo, lakini kule kwao kabla ya kuumizwa walichaguliwa kwanza. Watu walisimama njiani wakawa wanaonyeshana kidole, huyu, na huyu. Sasa akipita barazani kwa mafundi akaona vichwa vinageuka, miguu inakataa. Akasema tu hivyo, miguu inakataa.

Dada, zile Jumatano tatu zilimharibia. Dawa yake haitaki kurukwa. Muuguzi alisema lazima aanze upya tangu mwanzo, na mwili ulikuwa umeshaanza kusahau nguvu. Ingabire alimshonea gauni jingine siku ile ile, la kijivu, akamshika mkono akampeleka kituoni. Alipofika nyumbani saa ya chakula alikaa, hakugusa ugali, akasema anatamani kukijua kinywa kilichoanzisha neno lile. Baba yake akakohoa. Mimi nikamsogezea mboga.

Hapo ndipo habari ya harusi ikaingia. Twahir alileta wazee wake mwezi wa nane, tukakubaliana, mimi nikaanza kuota. Unanijua. Nilishachagua sare: kitambaa cha tausi, kizito, kinameremeta, ambacho Juvénal alikitoa chini kabisa kwenye sanduku kwa sababu hakiuzi kwa kila mtu. Nilishaona watu wa Ujiji mnashuka kwenye gari na tausi wenu, Gisenyi yote inashika mdomo.

Ingabire akawaalika wanawake wake wote ishirini na sita. Wakamshukuru, wakasema watakuja kuosha vyombo. Alipowabana, Kavira ndiye aliyewasemea. Unajua harusi zetu: mwenye sare ni wa nyumba, anakaa mkekani, anaimba, anamtoa bibi harusi chumbani. Asiye na sare ni mgeni, anapewa kiti cha plastiki uani. Wao nguo yao nzuri ni moja, ile ya miavuli. Kavira akasema wakija nayo, familia imevaa tausi na wao wamevaa msaada, watakuwa kama mbuzi waliopakwa rangi ili mwenye soko asipotee kuwahesabu. Afadhali jikoni, moshi hauchagui.

Mwanangu alirudi akaniambia: mama, basi sote tutavaa miavuli. Mimi, Twahir, mama yake Twahir, watu wa Ujiji, wote. Ikiwa ni nguo ya kila mtu, haitakuwa nguo ya mtu.

Yewe, dada! Nilipandisha sauti mpaka kuku wakatoka uani. Nikamwambia harusi ya binti yangu wa kwanza si foleni ya unga. Nikamwambia Mama Mkubwa wako Mwamini hatapanda basi siku mbili kuja kuvishwa kitambaa cha ndoo na sabuni. Ndiyo, nilikutumia wewe, unisamehe. Wiki tatu hatukuelewana. Yeye hakupiga kelele hata mara moja, na hiyo ndiyo inayouma kwa mtoto wa namna hii. Siku moja aliniwekea daftari na kalamu mezani, akasema: mama, niandikie kwa mkono wako majina ya wale ninaotakiwa kuwaacha nje ya ukuta, niwapelekee. Nikashika kalamu. Nikaandika Kavira. Nikashindwa la pili, nikaikunja ile karatasi nikaichoma jikoni.

Sasa dada, sogeza kiti. Kama kuna mtoto karibu mtume dukani.

Mwezi uliopita Ingabire alimtuma Kavira aje anipime vipimo vya gauni la mama wa bibi harusi. Kitambaa bado tulikuwa tunagombania, lakini vipimo ni vipimo. Akaja na futi yake shingoni. Nilisimama katikati ya sebule nimenyoosha mikono, yeye anapima bega, anapima kifua, anaandika. Mikono yake ina baridi na inakwenda polepole, haikugusi bila kukuambia kwanza inapotaka kugusa. Bega, mama, ndipo anagusa. Kiuno, mama. Nikafikiri kwa nini anafanya hivi, hakuna fundi anayefanya hivi. Halafu nikajua kwa nini. Nikaanza kulia nimenyoosha mikono kama mti wa kuanikia nguo.

Nikamwambia. Ni mimi, dada. Kinywa ambacho Ingabire anakitafuta ndicho hiki unachokijua tangu kilipokuwa hakina meno. Mmoja wetu aliyesema mvua imenyesha kwao miavuli imekuja kufunguliwa kwetu, ni mimi Kaltumu. Nilisema kwa sababu lilikuja vizuri ulimini na nilijua watacheka, na walipocheka nilijisikia mkubwa. Na wala usinikumbushe mwaka wa tisini na nne, najua ndipo akili yako imekwenda. Nakumbuka kule Goma, wewe na mimi tumevaa fulana za msaada zenye maandishi tusiyoyajua, watoto wa pale wakatuita kwa maandishi yale. Nakumbuka ulimpiga mmoja. Nilikumbuka yote hayo, lakini nilikumbuka baada ya kusema, si kabla.

Unajua Kavira alinijibu nini? Hakuacha hata kuandika. Akasema: mama, najua. Mi nilikuwa wa tatu katika ule mstari. Nilikusikia vizuri, una sauti ya kusikika. Akazungusha futi, akasema: tumbo, mama, usilibane, gauni litakuumbua.

Nikamuuliza kwa nini basi hakumwambia Ingabire siku ile alipofuatwa chumbani. Akasema kumpa mtoto habari ya mama yake si kazi ya mtu wa nje. Hiyo kazi ni yako, mama. Nikamwambia siku ya harusi nitasimama mbele ya watu wote niseme na kumwomba radhi. Hapo ndipo aliponitazama usoni kwa mara ya kwanza, akakataa kabisa. Akasema ukisimama kusema, watu watageuka kunitafuta mi niko wapi. Waambie waliocheka. Wengine waache wale pilau.

Nikaenda kwa waliocheka. Siku ya pili yake nilichukua kipande cha miavuli kwa Juvénal, ambaye alinikumbatia, maana tangu lile neno lilipoenea majora yake yalikuwa yamelala dukani, hakuna aliyetaka hata kuyafutia vumbi. Nilijishonea gauni kwa siku moja. Nikalivaa nikaenda kukaa kwenye cherehani yangu barazani. Protais alinitazama akasema eh, Mama Ingabire, na wewe umefungua? Nikamwambia nimefungua, na sifungi. Nikawaambia wote watano yaliyompata mtu kwa sababu ya utani wangu, jina sikutaja. Hakuna aliyecheka. Fundi mmoja akasema ulikuwa mzaha tu. Nikamwambia mzaha ni wangu, mimi ndiye najua uzito wake. Tangu siku hiyo navaa miavuli sokoni, navaa Petite Barrière, wamotari wakiniita Miavuli naitika abee, na nawauliza mama zao hawajambo. Sasa hivi wameanza kuchoka. Hakuna ladha kumwita mtu jina analoitika.

Nilipomwambia Ingabire nimekubali sare yake, alinirukia shingoni. Na habari ikaenea kwamba Kaltumu ametoa tausi akachukua miavuli kwa ajili ya wakimbizi. Akina mama wa msikitini walikuja kunipongeza kwamba nina moyo mkubwa. Nami, dada, nilipokea. Nilipokea siku kumi na moja, nikawapa na chai, nikaacha waseme. Kavira alikuwa anapita na kunisalimia vizuri kabisa, hakuna jicho, hakuna neno, na ndiyo iliyonimaliza.

Jana baada ya alasiri nilikwenda karakana, nikamwita mwanangu nje kwenye ngazi, nikamwambia ni kinywa gani. Alisikiliza mpaka mwisho. Akaniuliza: na ulinisogezea mboga? Nikasema ndiyo. Akaingia ndani. Leo asubuhi amenisemesha kuhusu mchele na idadi ya mikeka, kwa heshima zote, na hakuniita mama hata mara moja. Namjua, hajakataa, lakini hajakubali pia. Siombi unisaidie kumlainisha. Hiyo ni yangu na yeye, nitakaa mlangoni pake mpaka afungue. Sitafanya kama sikusema, na sitalia ili anionee huruma.

Ninachoomba kwako ni kimoja. Wewe ndiye mkubwa wetu. Ujiji ikisikia Mwamini amekikataa kitenge cha msaada, kina shangazi wote watakuja na sare yao, na harusi moja itakuwa na vitambaa viwili, na wale wanawake watachukua masufuria waingie jikoni. Wataingia bila kulalamika, wamezoea. Ukikivaa wewe, nani mwingine atafungua mdomo? Hicho kitambaa ni kizuri dada, kishike. Hakichuji, nimekifua mara tano. Shona gauni refu, mikono mipana kama unavyopenda, na kilemba juu. Vipande vya wengine Gentil ataleta safari ijayo, kumi na vinne, nimewahesabu mpaka mtoto wa Mwajabu anayetambaa. Baba Ingabire amesema naye atavaa kofia ya miavuli. Hakukohoa.

Nami nimeshawaambia wale ishirini na sita kwamba mkeka wa mbele ni wao, upande wa bibi harusi, na Kavira ndiye atakayemtoa Ingabire chumbani pamoja na wewe, mmoja mkono wa kulia mmoja wa kushoto. Sijakuuliza, nimeamua. Alikubali baada ya kuniuliza wewe ni mtu wa namna gani. Nilimwambia ni mtu aliyewahi kupigana kwa ajili ya fulana.

Msalimie shemeji, wasalimie wajukuu wote, mwambie Mwajabu maziwa ya unga aliyoagiza nimepata. Gentil akirudi mpe neno moja tu la kuniletea, hata kwa mdomo, kwamba umekipeleka kwa fundi. Ingabire anakusalimia, hajui ninayokuandikia, lakini siku zote anakusalimia.

Tumekwepa Jumamosi ya mwisho wa mwezi kwa sababu ni ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya mtaa, barabara zinafungwa asubuhi yote. Ndoa itafungwa baada ya swala ya adhuhuri, ila mkeka unatandikwa saa tatu asubuhi, na nataka mtu wa kwanza kuukalia awe wewe, umevaa miavuli.

Mdogo wako akupendaye, mwenye kinywa na mwenye kukijutia,
Kaltumu, Mama Ingabire

Wote, wakubwa kwa watoto: Jumamosi, tarehe ishirini na mbili, mwezi wa kumi na moja.